Mkunga na Mkuku

Mkunga wetu alikuwa na matumbo ya aina mbili ya kuyaangalia: ya kina mama na la mashua. Yote aliyasikiliza kwa pembe ileile ya mbao, ile wanayotumia kusikiliza mapigo ya mtoto kabla hajazaliwa. Kwa mama aliiweka pembe tumboni, akainama na kufumba macho. Kwa mashua alilala chali mchangani, akaigandamiza pembe kwenye ubao na kugonga pembeni yake kwa kifundo cha kidole. Mgeni aliyemkuta hivyo, gauni jeupe la zahanati limejaa mchanga na miguu imetokeza nje, alidhani mwanamke yule karukwa na akili. Sisi tulipita tu tukamwamkia, na yeye akaitika kutoka huko chini bila kutoa kichwa.

Nilimfahamu tangu nilipopangiwa kufundisha katika kijiji kile cha ufukweni, upande wa Geita, nikitokea kwetu Kishapu ambako maji mengi niliyowahi kuyaona kwa pamoja ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nyumba yake ilipakana na yangu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina. Alikuwa Mkunga, basi, hata Padre alimwita hivyo.

Mashua ilikuwa ya zahanati, ya tanga, kuukuu kuliko majengo yote ya kijiji. Ilimpeleka kila wiki ng'ambo ya ghuba, ambako hakukuwa na zahanati wala mkunga, na ilimleta huku mama yeyote aliyeonekana uzazi wake utakuwa mgumu. Barabara ya kuzunguka ghuba ilikuwepo kwa jina. Mvua zikianza ilikatika, na hata kiangazi ilikuwa safari ya kutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Kwa hiyo kila mtu alijua jambo moja: siku wakubwa wa wilaya watakaposema mashua haifai, itapasuliwa kuni, Mkunga atahamishiwa Kahama alikokuwa akitakiwa siku nyingi, na kina mama wa ng'ambo watabaki na mkokoteni.

Nao wakubwa walikuwa wanatafuta sababu. Ukiitazama mashua kwa juu, usingewalaumu. Rangi ilikuwa imebanduka mpaka huwezi kujua zamani ilikuwa ya namna gani. Kingo zimechubuka, tanga lina viraka vya magunia ya pamba. Tulimsihi mara nyingi atafute walau kopo moja la rangi. Jibu lake lilikuwa moja, mwaka nenda mwaka rudi, na kila mtoto wa shule yangu aliweza kumwigiza akilitoa, mikono kiunoni:

"Chini kuko sawa. Juu mtapaka wenyewe."

Alilitumia kwa kila kitu. Bibi harusi akiletwa amepambwa vibaya, Mkunga alimkagua, akasema chini kuko sawa, juu mtapaka wenyewe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtoto akizaliwa na kichwa kilichobonyea kidogo, mama analia, alisema hivyohivyo, na mama akanyamaza.

Alikuwa na kauli nyingine, "Ni wapi?", ambayo haikuchekesha kiasi hicho. Ukimwendea na kumwambia unaumwa, au nahodha akimwambia mashua inavuja, hakukusikiliza mpaka umwambie ni wapi. Nahodha alikuwa mzee wa Kizinza, mpole, aliyeendesha mashua ile kwa miaka mingi na kuvumilia maneno yake yote. Siku moja alichoka, akamjibu kwamba inavuja majini. Mkunga alicheka mpaka akakaa chini, na kwa wiki nzima alimsimulia kila mgonjwa.

Kila kiangazi mashua ilipandishwa nchi kavu, ikateleza juu ya vigogo vya migomba hadi mchanga wa juu. Watoto walikwangua ule utando wa kijani na konokono waliojibandika tumboni. Kisha Mkunga aliingia kazini na pembe yake, na baada yake ndipo ilipokuja pamba.

Hapo lazima nieleze desturi yetu, maana sijaiona popote pengine. Mbao za mashua zikikauka huachana, na ule mwanya huzibwa kwa pamba iliyosokotwa, inayosukumwa ndani kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Mafundi wa vyombo huiita kalafati. Pamba ilikuwa kila mahali, hilo halikuwa tatizo. Lakini Mkunga hakukubali pamba ya kila mahali. Kila mama aliyezalishwa naye alitakiwa kuleta konzi moja kutoka shamba la kwao, imetolewa mbegu kwa mkono na kusokotwa na bibi wa mtoto juu ya paja. Pamba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mwanya, na mwanya ule ukawa wa mtoto yule. Watoto wa kijiji walijua mahali pao kuliko walivyojua jedwali la kuzidisha. Utawasikia darasani wakitambiana: mimi niko ubao wa tatu karibu na usukani, wewe uko juu huko hata maji hayafiki.

Nilimuuliza sababu, nikitegemea kitu kizito. Akaniambia kwamba bibi hawezi kusokota ovyo kamba atakayokalia mjukuu wake. Nikaona kweli hakuna uzi uliosokotwa vizuri kama ule.

Baada ya pamba palipikwa dawa ya kupaka tumbo zima, mafuta ya ng'ombe na chokaa, katika sufuria ambayo haikuwahi kung'aa tena. Mwenye duka, Mhindu, hakuweza kugusa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo alichangia chokaa, na juu yake akatoa debe la mafuta ya mbegu za pamba, ili na yeye awe na sehemu yake humo. Kina mama walipaka kwa viganja, wakiimba, wamechafuka mpaka mapajani. Harufu ilifika hadi shuleni. Ilifika pia kwa mbwa wa kijiji kizima, waliokuja usiku kulamba mashua, na kila mwaka ilibidi mtu alale pale na fimbo. Nakumbuka jibwa moja jeusi la mwenyekiti wa kijiji lililolamba ubavu mzima wa kushoto, likaumwa tumbo siku kadhaa, na Mkunga hakumsemesha mwenyekiti mpaka alipoleta mafuta mengine.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alipenda kusifiwa kupita kiasi. Ukimwambia kazi yake ni nzuri alijifanya hajasikia, ili urudie. Kwaresima moja alitangaza kuwa ameacha sukari kwa ajili ya Bwana, wakati sukari yenyewe haikuwa imeonekana dukani kwa miezi. Padre alipokuja kubariki mashua, hakumruhusu kunyunyiza juu. Alidai baraka za juu huoshwa na mvua, akamfanya yule mzee wa watu apige magoti kwenye tope na kunyunyizia mkuku. Mkuku, kwa asiyejua, ni ule mti mkubwa wa chini kabisa, unaotoka omo, mbele ya chombo, hadi tezi, nyuma yake, ambao mbao na mbavu zote za chombo zimeushika. Neno lenyewe Mkunga aliachiwa na fundi wa pwani aliyewahi kuitengeneza mashua, pamoja na patasi na nyundo.

La ajabu zaidi, aliogopa maji. Hakujua kuogelea, na hakutaka kujifunza. Mashua ikisukumwa tu, alikaa upande wa kushoto karibu na mlingoti, rozari mkononi, macho ameyafumba, na hakuyafumbua mpaka asikie mchanga wa ng'ambo. Nahodha aliniambia kwamba kwa miaka yote hiyo Mkunga hajawahi kuliona ziwa kutoka katikati yake. Nilipomtania kuhusu hilo alisema kazi yake ni chini, na chini haina haja ya kutazamwa wakati unaikalia.

Lakini najua ulikotoka ule ukali wake juu ya mashua. Mwaka mmoja, kabla sijafika, mashua ilikaa nchi kavu zaidi ya kawaida kwa sababu watu walikuwa wanavuna na hawakuja kuisukuma. Mama mmoja wa ng'ambo alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye mkokoteni, akafia njiani. Mtoto alipona. Bibi wa mtoto yule alileta konzi yake ya pamba bila kuitwa, akaiweka mezani kwa Mkunga na kuondoka. Mkunga aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukichambua mchele, na sauti yake ilipokatika tuliendelea kuchambua. Tangu mwaka ule hakuomba watu kwa upole. Aliwatoa majumbani.

Mwaka ambao hadi leo tunauita wa majogoo ulianzia kwenye pembe yake. Alilala chini ya mashua kama kawaida, akagonga kuanzia omo, na alipofika karibu na tezi akagonga mahali pamoja tena na tena. Akanivuta mkono nilale na mimi. Akanipa pembe. Mbele mkuku ulilia kavu, ko, ko. Nyuma ulilia kama mlango wa nyumba isiyo na mtu.

"Umeoza," akasema. "Mwalimu, tumekwisha."

Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla ya hapo. Mti wa kufanya kazi ile haukupatikana ufukweni. Ilibidi kuagiza gogo la mninga kutoka misitu ya Masumbwe, na likaja kwa mwendo wa kinyonga juu ya lori la pamba lililoharibika kila lilipoona kilima. Seremala alikata kipande kilichooza, akaunga kipya, akakaza. Ilikuwa kazi safi. Lakini mashua ilikuwa imekaa juani mno, na mbao zilikuwa zimekauka kupita mwaka wowote.

Mkunga akaenda kwenye mkutano wa kijiji. Alizungumza Kiswahili chake cha kishujaa. Alisema kwamba Jumamosi anaomba kila nyumba ijitolee kwa ajili ya mkuku, asikose mtu, maana mkuku ni maisha ya kina mama. Akakaa. Mwenyekiti akasimama kuwafasiria wazee kwa Kisukuma. Ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, sijui niseme vipi.

Mwenyekiti hakuwahi kulisikia neno mkuku. Hakuwa mtu wa kuuliza mbele za watu. Akapiga hesabu zake kichwani, akaona kama kuku ni kuku, basi mkuku lazima ni kuku dume, tena mkubwa. Akawatangazia wazee kwamba Mkunga anataka kila nyumba ilete jogoo.

Jumamosi tulifika ufukweni tukakuta majogoo. Majogoo mekundu, meusi, ya madoadoa, yamefungwa miguu, yanawika yote kwa pamoja na kugombana yakiwa yamelala ubavu. Bibi mmoja aliyekuja na lake kwapani alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni ugonjwa gani huu wa uzazi unaotibiwa kwa majogoo mengi hivi. Mkunga alisimama katikati, mdomo wazi. Mwenyekiti alikuwa anajipongeza.

"Hawa ni wa nini?" akamuuliza.

"Si ulisema mkuku, Mama? Nimekuletea mikuku."

Alimwambia mambo ambayo siwezi kuyaandika, nikiwa mwalimu. Watu walicheka mpaka wengine wakalala mchangani, na mwenyekiti mwenyewe, alipoelewa, alicheka kuliko wote. Vicheko vile ndivyo vilivyoisukuma mashua, nina hakika, kwa sababu iliteleza juu ya migomba na kuingia majini kwa mara moja tu.

Ikaanza kunywa maji. Kila mwanya ulitoa jasho, na punde maji yakawa yamefunika mbavu za chini. Nahodha alichota kwa kopo bila wasiwasi, maana ndivyo ilivyo kwa mashua iliyokauka: mbao zina kiu, zikishakunywa huvimba na kubana pamba, na uvujaji hukoma wenyewe. Huchukua siku moja, pengine mbili. Sote tulilijua hilo.

Asiyelijua alishuka kwenye Landrova wakati huohuo. Alikuwa mkaguzi kutoka wilayani, kijana nadhifu mwenye soksi nyeupe, na hatukuwa tumeambiwa anakuja. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye mashua, akachungulia ndani, akaona maji. Akavuta pumzi, akamgeukia Mkunga kwa heshima zote, akamwamkia, kisha akamwambia kwamba anasikitika, lakini amejionea mwenyewe.

Nilimwangalia Mkunga. Akamweleza habari ya mbao zenye kiu. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, nikaona hakuamini hata neno moja, ila hakuwa na roho mbaya. Akatazama saa, akatazama safari ndefu ya kurudi, akayatazama yale majogoo.

"Sawa, Mama," akasema. "Nitaiangalia tena nikishakula."

Uso wa Mkunga ulibadilika. Sijawahi kuona mtu akipata jua ghafla namna ile. Akamgeukia mwenyekiti, akamshika bega kama mtu aliyemkosea na sasa anamwomba radhi.

"Mwenyekiti," akasema, "washa moto."

Basi yule kijana akala. Alikula jogoo la mwenyekiti, kisha akaambiwa kwamba ukila kwa mwenyekiti usipoonja la nahodha umemtukana. Alionja la nahodha. Yakaja ya balozi wa nyumba kumi, ya seremala, ya bibi wa swali la ugonjwa, ambaye alimsimamia mpaka akaumaliza mguu. Kila akifuta mikono Mkunga alimuuliza, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuwa nao, kama ameshamaliza kula, maana bado kuna nyumba zinasubiri kwa huzuni. Jua likazama. Akalazwa kwa mwenyekiti. Jumapili baada ya misa akatafutwa tena. Alikula ugali na jogoo, wali na jogoo, viazi na jogoo. Hakuweza kusema amemaliza, na nadhani kufikia Jumapili jioni hakutaka tena kusema, maana alikuwa amevua soksi na alikuwa akiwafundisha vijana wimbo wa kwao.

Huku majini nahodha alikuwa akipita kila mara na kopo, na kila mara alichota kidogo kuliko awali.

Jumatatu asubuhi mkaguzi akasema, kwa sauti dhaifu, kwamba ameshiba. Kijiji kizima kilimsindikiza. Alipanda mashuani pekupeku, akakanyaga chini kabisa pale maji yanapokusanyikia, akainua unyayo, akautazama. Ulikuwa mkavu. Akamgeukia Mkunga.

"Hii rangi ya juu, Mama, ni aibu," akasema.

Tulimjibu sote kwa pamoja, watoto wakiongoza, mikono kiunoni. Aliondoka akicheka, na jogoo moja hai kwenye Landrova, na mashua ikabaki. Wiki ileile ilivuka, Mkunga amefumba macho upande wa kushoto, ikarudi na mama aliyejifungua mapacha.

Mwaka uliofuata nilimzaa binti yangu Sabina mikononi mwa Mkunga. Mama yangu alituma pamba kutoka Kishapu kwa basi, imefungwa ndani ya kitambaa cha kichwa, nyeupe mno na imesokotwa kwa ukali kama yeye mwenyewe. Mkunga aliinusa, akaivuta, akasema pamba ya nchi kame haina uvivu. Akaipa mahali pa heshima, kushoto, ubao wa kwanza kabisa unaogusa mkuku mpya. Kina mama wengine walininunia kwa mwezi mzima.

Baadaye nilihamishwa kurudi kwetu, na miaka ikapita kwa barua na salamu za madereva. Nilisikia amestaafu na hakuondoka. Nikasikia macho yanamsumbua. Mwishoni mwa miaka ya themanini, likizo moja ya kiangazi, nikamchukua Sabina, tayari msichana mrefu kunizidi, tukapanda mabasi hadi ufukweni.

Tulimkuta chini ya mashua, ameketi kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye mbao. Nywele zilikuwa nyeupe, na macho yalikuwa na ukungu. Nilimwamkia, naye akanijua kwa sauti kabla sijajitaja, tukashikana tukalia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikamwambia nimekuja na mwanangu. Akamuuliza Sabina yeye ni wa wapi. Sabina, ambaye alilelewa na hadithi hii kama wengine wanavyolelewa na uji, akajibu kwamba yeye ni wa kushoto, ubao wa kwanza.

"Wa Kishapu," akasema Mkunga, na akamgusa uso taratibu.

Ndipo akaniambia lililomkaa moyoni. Pembe bado anayo, lakini masikio nayo yameanza kumdanganya, na chini haoni kitu. Vijana wa kila mwanya ndio waliozibua na kuziba mwaka huu, kila mmoja pake, na wale wa ng'ambo walivuka kwa mitumbwi kuja kufanya sehemu zao. Kijana aliyepona kwenye mkokoteni alikuwa wa kwanza kufika. Kesho mashua inaingia majini. Alikuwa na hofu, na hakuwa na aibu kusema ana hofu. Kisha akanusa hewa, akakunja uso.

"Mwalimu, hiyo harufu siyo ya mafuta yangu. Wamefanya nini hawa?"

Nilikuwa nimeona tangu tukiwa mbali, nikadhani anajua. Juu ya mashua, kutoka omo hadi tezi, palikuwa pamepakwa rangi ya bluu mpya kabisa, imemwagika huku na kule kwa mikono ya watu wasiozoea.

"Wamepaka rangi," nikasema. "Juu kote."

"Nani kawaambia wapake?"

"Wewe. Kila mwaka."

Akainua mkono, akapapasa juu ya kichwa chake mpaka vidole vikagusa rangi, akavirudisha na kuvinusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akatoa pembe kwenye pindo la kanga, akampa Sabina, akamwonyesha mchanga.

Sabina alilala chali na gauni lake la safari, akaingia chini mpaka ikabaki miguu tu. Tukasikia akigonga, kuanzia omo, polepole, akipita ubao kwa ubao hadi tezi, akirudi, akigonga tena. Mkunga alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikimchezacheza kama anayehesabu majina.

"Bibi," sauti ikatoka huko chini, "chini kuko sawa."